Tamthilia za hospitali au vipindi vya asubuhi: kipi kikufae katika televisheni ya Australia

Mdogo wangu alipohamia Australia alianzia kazi ya kutunza wazee, zamu ya usiku. Hurudi nyumbani saa 1 na nusu asubuhi, miguu imevimba, usingizi bado uko mbali, na kitu cha kwanza anachokigusa ni rimoti. Mwezi wake wa pili aliniuliza, "Dada, katika haya yote, nitazame nini hasa?" Nikamtajia tamthilia niliyoipenda mimi. Akaitazama wiki mbili, akaiacha. Kosa lilikuwa langu. Mimi hulala usiku, na Kiingereza cha huku nilikuwa nimeshakizoea kwa miaka. Yeye alihitaji kitu kingine kabisa.

Swali lile nimekuja kuulizwa na wengi baadaye: baba wa Kikongo aliyefika Brisbane na watoto wanne, kijana wa Mombasa anayesomea uuguzi Perth, mama aliyeletwa na wanawe Melbourne anayeshinda peke yake wengine wakiwa kazini. Safari hii sitaki kujibu kwa mapenzi yangu. Nimechukua vipindi sita, vitatu vya hospitali na vitatu vya asubuhi, nikavipima kwa vipimo vilevile.

Nilivyovipima

Cha kwanza ni muda. Tamthilia inakudai uifuate tangu mwanzo, ukikosa sehemu tatu hujui nani kamwacha nani. Kipindi cha asubuhi unakiingia dakika yoyote na kutoka dakika yoyote, hata ukiwa unakaanga mayai.

Cha pili ni lugha. Waaustralia wanazungumza haraka, wanakata maneno: mchana ni "arvo", kifungua kinywa ni "brekkie", mhudumu wa gari la wagonjwa ni "ambo". Nimeangalia kasi, lafudhi, na kama maneno yanayosemwa humo utayakuta kazini kesho yake.

Cha tatu ni kile kipindi kinachokuonyesha kuhusu nchi yenyewe. Cha nne ni tahadhari: mambo ya watu wazima, upendeleo, au uongo mtamu wa televisheni. Mwishoni nasema kinamfaa nani.

Upatikanaji sikuufanya kipimo kwa sababu karibu unalingana. Seven, Nine na Ten ni vituo vya biashara, vya bure hewani. ABC ni shirika la umma. Kila kimoja kina programu yake ya simu ya kutazamia: 7plus, 9Now, 10 na ABC iview. Zote ni za bure, zinataka ujisajili, na zinafunguka kwa aliye ndani ya Australia. Tamthilia za zamani huhamahama kati ya programu hizi na huduma za kulipia, kwa hiyo tafuta jina kwanza kabla ya kulipa popote. Na jambo hili mgeni haambiwi: sheria inavilazimisha vituo vikuu vya bure kuweka maandishi chini ya skrini kwa vipindi vyao kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 6 usiku. Yawashe. Kwa anayejifunza lugha, maandishi hayo ni mwalimu asiyechoka. Ila ujue kwamba kwenye matangazo ya moja kwa moja yanakuja yakichelewa sekunde kadhaa, tena na makosa, ilhali kwenye tamthilia yanakwenda sawasawa na midomo.

All Saints

Muda: Huu ni mlima. Ilianza Februari 1998 kwenye Seven na kumalizika Oktoba 2009, sehemu 493. Ukitazama moja kila siku, utaimaliza baada ya mwaka mmoja na miezi minne hivi. Habari njema ni kwamba wagonjwa wengi wanaingia na kutoka ndani ya sehemu moja, kwa hiyo hata ukiruka hutapotea sana.

Lugha: Hapa ndipo All Saints inapoyashinda mengi. Miaka ya mwanzo inakaa ndani ya Wodi ya 17, wodi ya hospitali ya kubuni mjini Sydney inayopokea wagonjwa ambao wodi nyingine hazina nafasi nao. Mhusika mkuu, Terri Sullivan, aliyechezwa na Georgie Parker, ni muuguzi mkuu wa wodi na mwanzoni pia ni mtawa. Maana yake ni kwamba tunaiona hospitali kwa macho ya manesi, wala si ya madaktari bingwa. Unasikia wakikabidhiana zamu, wakibishana juu ya nani atakaa Krismasi, wakimweleza mjukuu kwa upole kwamba bibi hataamka. Ndiyo lugha hasa ya kazini. Nilijifunza humo kwamba kupima presha, joto na mapigo ya moyo huitwa "obs", kwamba chumba cha upasuaji ni "theatre", na kwamba dawa ya maumivu wanaiita Panadol kama tunavyoiita sisi nyumbani. Neno lile moja lilinipa moyo kuliko nilivyotarajia.

Unachokiona ndani: Hospitali ya umma yenye vitanda vichache na watu wazuri waliochoka. Mwaka 2004 wodi ilifungwa na hadithi ikahamia idara ya dharura, akaingia Frank Campion, daktari mkali aliyechezwa na John Howard, na kasi ikapanda. Wapo wanaopenda nusu ya kwanza na wapo wanaopenda ya pili. Mimi ni wa nusu ya kwanza, kwa sababu wodi inawapa watu nafasi ya kukaa na kuzungumza, lakini anayetaka damu na mbio ataanzia 2004. Watazamaji waliipenda kwa dhati: Parker alipata Logie ya dhahabu, tuzo kubwa ya televisheni ya huko, mwaka 2001 na tena 2002.

Tahadhari: Tiba ya 1998 si tiba ya leo. Mwanafunzi wa uuguzi achukue maneno na adabu ya kuzungumza na mgonjwa, taratibu za kazi azisome darasani. Pia sura za wahusika ni za Wazungu kwa sehemu kubwa. Wodi ya leo ya Sydney au Melbourne ina manesi kutoka Kerala, Manila, Harare na Nairobi, na humu huwaoni hivyo.

Inamfaa: anayefanya au anayetaka kufanya kazi ya afya na utunzaji, na anayependa hadithi ndefu inayotulia.

RFDS

Kirefu chake ni Royal Flying Doctor Service, huduma halisi ya madaktari wanaowafuata wagonjwa kwa ndege, na tamthilia imechukua jina lake. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kuna jambo la kwetu ndani yake.

Huduma yenyewe ilizaliwa Mei 1928 huko Cloncurry, Queensland, kwa juhudi za mchungaji John Flynn, ambaye picha yake iko kwenye noti ya dola 20. Flynn aliona watu wa nyikani wakifa kwa majeraha na uzazi ambao mjini usingeua mtu. Ndege peke yake haikutosha. Mtu aliye kwenye shamba la mifugo siku kadhaa kutoka kwa daktari angeitaje ndege? Jibu lilitoka kwa Alfred Traeger, aliyebuni redio inayopata umeme kwa kukanyaga pedali kama za baiskeli. Ndege, redio na daktari: mambo matatu hayo hayo ndiyo yaliyokuja kufanya kazi Afrika Mashariki, pale daktari wa upasuaji Michael Wood na wenzake Archibald McIndoe na Tom Rees walipoanzisha huduma ya madaktari wa ndege yenye makao Nairobi mwaka 1957, ile tunayoijua leo kama AMREF. Aliyekulia Turkana, Loliondo au Lamu akisikia wazee wakisimulia ndege ndogo iliyotua kwenye uwanja wa vumbi kumchukua mama mjamzito, ataitazama tamthilia hii kama mtu anayetazama habari za jamaa yake wa mbali.

Muda: Mfupi. Msimu wa kwanza, wa Agosti 2021, una sehemu 8 tu. Wikiendi mbili zinatosha.

Lugha: Ngumu kuliko All Saints. Watu wa nyikani hawafungui mdomo sana, na nusu ya mazungumzo yanapita kwenye redio ya ndege huku injini ikinguruma. Maandishi ya chini ni lazima, hata kwa aliyezoea. Lakini mhusika mkuu, daktari Eliza Harrod, ni mgeni aliyetoka Uingereza na mwanawe, na kwa kuwa hajui kitu anaelezwa kila kitu. Sisi tunaelezwa pamoja naye.

Unachokiona ndani: Umbali. Hadithi iko Broken Hill, mji wa migodi ulio zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara kutoka Sydney. Uko ndani ya jimbo la New South Wales, lakini saa zake hufuata Australia Kusini, kwa jinsi ulivyo mbali na makao makuu yake. Anayeishi Melbourne anaweza kumaliza miaka mitano bila kujua kwamba yuko nchi ya namna hii. Humu unaona uwanja wa kutua ndege unaomulikwa kwa taa za magari, wanyama wakifukuzwa njiani kabla ndege haijashuka, mgonjwa akitibiwa juu ya meza ya jikoni. Na unawaona Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, wakiwa madaktari, wauguzi na majirani wenye hadithi zao: Rob Collins, mwigizaji mwenye asili ya visiwa vya Tiwi, anacheza daktari Wayne Yates.

Tahadhari: Ajali ni nyingi na zinaonyeshwa bila kificho. Aliyepitia vita au ajali mbaya aanze na mtu pembeni yake. Na kila sehemu ina dharura kubwa, ilhali sehemu kubwa ya kazi ya huduma halisi ni kliniki za kawaida: chanjo, meno, presha.

Inamfaa: asiye na muda mwingi, anayefikiria kazi mikoani, na kila aliye na kumbukumbu ya ndege ndogo kijijini.

Aliyependa hii na anataka ya mtindo wa zamani, ipo The Flying Doctors, iliyorushwa na Nine kama mfululizo kuanzia 1986 hadi 1992, na A Country Practice ya kuanzia 1981, ya mji wa kubuni wa Wandin Valley, ambayo watu wazima wa huko hadi leo wakitajiwa kifo cha mhusika wake Molly cha mwaka 1985 wananyamaza kidogo. Kwa anayetunza wazee hiyo si habari ndogo. Mdogo wangu alimtajia bibi mmoja jina hilo tu, na bibi aliyekuwa haongei akaongea hadi chai ikapoa.

Offspring

Muda: Misimu 7, mitano ya kwanza kati ya 2010 na 2014, miwili ikarudi 2016 na 2017, kwenye Ten. Hii lazima uanze mwanzo. Uhusiano wa watu ni mtandao wa buibui.

Lugha: Kasi sana. Nina Proudman, aliyechezwa na Asher Keddie, ni daktari wa wajawazito Melbourne, na mawazo yake tunayasikia kichwani mwake wakati huohuo anapozungumza na mtu mwingine. Kwa aliye hodari ni raha. Kwa anayeanza ni kelele.

Unachokiona ndani: Maisha ya mjini, mtaa wa Fitzroy, ukoo mmoja wenye upendo na vurugu. Hospitali ni mahali pa kazi tu, hadithi ni familia. Kwetu wengi tutaitambua haraka familia hii ambayo kila mtu anajua siri ya mwenzake, ingawa mambo wanayoambiana mbele ya wazazi yatakushtua.

Tahadhari: Mapenzi yanaonyeshwa wazi. Ukiishi na watoto au wakwe sebule moja, itazame kwenye simu na visikia sauti. Na kuna kifo cha mwaka 2013 kitakachokuuma. Sikitaji kwa heshima ya ambaye hajafika.

Inamfaa: mwenye Kiingereza kizuri anayetaka kuelewa ucheshi na mahusiano ya huko, na anayetazama peke yake.

Sunrise

Muda: Seven, Jumatatu hadi Ijumaa, saa 11 na nusu alfajiri hadi saa 3 asubuhi. Habari zinarudiwa kila nusu saa, kwa hiyo dakika 20 zinakutosha.

Lugha: Rahisi kuliko unavyodhani. Mambo yanatangazwa mara moja, yanaandikwa kwenye skrini, yanajadiliwa, kisha yanarudiwa. Ni maongezi ya watu waliokaa kochi moja, na ndiyo maongezi utakayoyakuta kwenye chumba cha chai kazini: bei ya petroli, riba ya mikopo ya nyumba, mechi ya jana.

Unachokiona ndani: Australia ya kawaida inayojipenda. David Koch, ambaye nchi nzima ilimwita Kochie, alikuwa mtangazaji wa masuala ya fedha kabla ya kukalia kochi hilo, akakaa miaka 21 hadi Juni 2023. Hali ya hewa huletwa kutoka miji midogo usiyowahi kuisikia. Nguvu ya kipindi hiki si ndogo: wanasiasa wawili wa vyama hasimu, Kevin Rudd na Joe Hockey, walikuwa wakija humo kila wiki kujadiliana kwa urafiki, na mwishoni mwa 2007 Rudd akawa waziri mkuu. Hockey naye alikuja kuwa waziri wa fedha.

Tahadhari: Ni kituo cha biashara, matangazo ni mengi na mara nyingine mazungumzo yenyewe ni tangazo. Kubwa zaidi ni hili: Machi 2018, jopo lisilo na Mwaborijini hata mmoja lilijadili ulezi wa watoto wa Kiaborijini, na mamlaka ya utangazaji, ACMA, iliamua mwaka huohuo kwamba kanuni zilivunjwa, kwa usahihi wa habari na kwa kuchochea dharau ya rangi. Watu waliandamana nje ya studio. Nalisema kwa sababu sisi tunaotazama ni watu weusi tunaolea watoto kule. Usikizuie kipindi kwa ajili ya siku moja, lakini mtoto akikaa nawe kochini, zungumza naye kuhusu yanayosemwa.

Inamfaa: anayetaka kupata la kuzungumza na wenzake kazini, na familia inayojiandaa kwenda shule.

Today

Muda: Nine, saa zilezile za Sunrise. Ndicho kikongwe, kilianza Juni 1982, na tangu Sunrise ilipokuja baadaye, hivi viwili vimekuwa vikigombania watazamaji walewale.

Lugha: Karibu sawa na mpinzani wake, ila utani ni mwingi na watangazaji wanakatizana. Utani ndio sehemu ngumu ya lugha yoyote, kwa hiyo mgeni wa miezi mitatu atachoka hapa mapema kuliko kwenye Sunrise, na wa miaka miwili atafaidi zaidi.

Unachokiona ndani: Mabadiliko ya nchi, kwenye viti viwili tu. Mwaka 2014 mtangazaji wake Karl Stefanovic alifichua kwamba alikuwa amevaa suti moja ya buluu karibu kila siku kwa mwaka mzima, wala hakuna mtazamaji aliyeuliza, ilhali wanawake waliokaa pembeni yake walikosolewa nguo na nywele kila kukicha. Wanawake wengi niliofanya kazi nao bado wanakisimulia kisa hicho. Mwaka 2019 viti vyote viwili vilikaliwa na wanawake, Georgie Gardner na Deborah Knight, kwa mara ya kwanza. Haikudumu, mwaka uliofuata Stefanovic akarudi. Na 2023 akaingia Sarah Abo, aliyezaliwa Damascus na kuletwa Australia akiwa mtoto mdogo. Kwa mzazi mhamiaji, kumwona mtu wa njia ile akiisalimia nchi nzima asubuhi ni jambo lenye uzito.

Tahadhari: Matangazo, kama Sunrise. Habari za watu mashuhuri huchukua nafasi kubwa.

Inamfaa: aliyeshapita hatua ya kwanza ya lugha, anayependa uchangamfu kuliko habari.

News Breakfast

Muda: ABC, saa 12 hadi saa 3 asubuhi, kutoka Melbourne. Hakuna matangazo ya biashara hata moja, kwa hiyo dakika 20 za hapa ni dakika 20 kamili.

Lugha: Iliyonyooka. Watangazaji wanamaliza sentensi. Wageni ni wachumi, madaktari, mawaziri, watu wa vijijini. Kuna mapitio ya magazeti, na hiyo ndiyo shule niipendayo: mtu anachukua kichwa cha habari kimoja na kukieleza kwa maneno ya kawaida.

Unachokiona ndani: Nchi inayojadili sera zake. Kilianza Novemba 2008; Michael Rowland alikalia kiti tangu 2010 hadi mwisho wa 2024, na baada yake wakaja James Glenday na Bridget Brennan, mwanahabari wa asili ya Dja Dja Wurrung na Yorta Yorta, jamii za Waaborijini. ABC pia ndiyo inayotegemewa nchini kutangaza tahadhari za majanga. Moto wa nyika au mafuriko yakija karibu na ulipo, acha mengine yote, fungua ABC.

Tahadhari: Ni kizito kwa mtu aliyetoka kazini usiku. Na asiyefuata siasa za huko ataona majina mengi bila kujua nani ni nani, hasa mwezi wa kwanza.

Inamfaa: anayesomea mtihani wa lugha au uraia, mwanafunzi wa chuo, na anayechoshwa na matangazo.

Makundi mawili yakikaa uso kwa uso

Tofauti kubwa niliyoiona haiko kwenye mada. Tamthilia imeandikwa: mtu ameketi akapima kila neno, kwa hiyo unasikia jinsi watu wanavyosema mambo mazito, kuomba msamaha, kutoa habari ya msiba, kukataa kwa adabu. Haya kwenye kipindi cha asubuhi hayapo. Kipindi cha asubuhi nacho kina kitu ambacho tamthilia haiwezi kukupa, nacho ni leo. Ukitoka nyumbani saa 3 unajua daraja lipi limefungwa, serikali imesema nini, na kwa nini kila mtu kwenye basi amekasirika.

Kwa mambo ya afya, tamthilia zinafundisha na kupotosha kwa pamoja. Zinakuzoesha sura ya mfumo: kwamba unaanza kwa daktari wa familia, na kwamba bingwa hufikiwa kwa barua yake; kwamba dharura ni namba 000. Lakini moyo uliosimama hufufuka kwenye skrini mara nyingi kuliko hospitalini, na nimewahi kukaa na familia iliyosubiri muujiza wa namna hiyo. Tena tamthilia hazimwonyeshi mkalimani. Kwenye hospitali halisi una haki ya kumwomba, na simu ya huduma ya taifa ya wakalimani ni 131 450, Kiswahili kikiwemo. Mwambie mama yako namba hiyo kabla ya kumwonyesha tamthilia yoyote.

Kwa aliye Perth, ujue pia kwamba Sunrise na Today unavipata vikiwa vimecheleweshwa kufuata saa za huko, kwa hiyo lililo "sasa hivi" lilitokea saa mbili au tatu nyuma. Na kwa mwenye wazazi Dar es Salaam au Nairobi: kipindi kikianza saa 11 na nusu alfajiri Sydney, kwao ni saa 4 na nusu usiku wa jana, au saa 3 na nusu kati ya Oktoba na Aprili saa zikisogezwa mbele. Wengi wetu tunawapigia wakati huohuo, kipindi kikilia nyuma.

Kwa hali yako

Kama umefika hivi karibuni na Kiingereza bado kinakusumbua, anza na Sunrise nusu saa kila asubuhi, maandishi yakiwa wazi, kwa mwezi mmoja. Kinajirudia, na kurudia ndiko unakokuhitaji. Ukiona umeanza kuelewa utani kabla wao hawajacheka, hamia Today.

Kama unasoma uuguzi au unatunza wazee, chukua All Saints tangu 1998, sehemu moja kwa siku unapopumzika, na daftari pembeni. Kama zamu yako ni ya usiku kama ya mdogo wangu, usiitazame mara tu ukitoka kazini. Utakuwa umerudi wodini. Asubuhi hiyo kipindi chepesi kitakufaa zaidi, All Saints ngoja siku ya mapumziko.

Kama umepewa kazi mikoani, au mume amepata kazi ya mgodini na unaogopa kuhama, tazama RFDS kabla ya kuamua. Haitakuficha upweke wa kule, wala ukarimu wake.

Kama una watoto wa shule, tamthilia zote tatu zisubiri walale. Nyingi ya sehemu zake zina alama ya M, maana yake zinashauriwa kwa wa miaka 15 na zaidi. Asubuhi kati ya vipindi vitatu, News Breakfast ndicho kisicho na matangazo ya kuwafanya waombe vitu, ila Sunrise na Today watavielewa zaidi.

Kama mama anashinda peke yake na lugha haijui, mwekee A Country Practice au RFDS mkiwa pamoja jioni, mmoja wenu akimsimulia. Asubuhi mwachie picha za hali ya hewa; mama yangu alijifunza majina ya miji yote ya pwani kwa njia hiyo.

Kama unajiandaa kwa mtihani wa uraia au chuo, News Breakfast, na hasa ile saa ya pili.

Na kama Kiingereza unacho, unaishi peke yako, na moyo unataka hadithi ya watu wa rika lako, Offspring iko pale.

Mdogo wangu sasa anatazama Sunrise hadi saa 2, halafu anazima. Jumamosi tunakaa wote kwa RFDS.